Marc Bolan (1947–1977): Mwanamuziki wa Pembezoni na Suala la Kurejea kwenye Asili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa shutuma zinazoweza kumpata msanii, ni chache zinazouma kama ile ya kuambiwa kwamba ameiacha asili yake. Shutuma hiyo huwa nzito zaidi pale msanii anapotoka katika hadhira ndogo inayojihesabu kuwa na siri ya pamoja, akaingia katika hadhira kubwa inayosikiliza redio na kununua santuri bila ya kuulizana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mwanamuziki wa Kiingereza Marc Bolan, aliyefariki tarehe 16 Septemba 1977 kabla ya kutimiza miaka 30, aliishi na shutuma hiyo tangu mwaka 1970 hadi kufa kwake. Kabla ya mwaka huo alikuwa nusu ya kundi la watu wawili, Tyrannosaurus Rex, lililopiga gitaa kavu na ngoma ndogo za mkono mbele ya vijana wa kihipi waliokaa sakafuni. Baada ya mwaka huo akawa kiongozi wa T. Rex, bendi ya magitaa ya umeme ambayo nyimbo zake nne zilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza kati ya Machi 1971 na Mei 1972.

Makala haya yanasimulia maisha ya Bolan kwa madhumuni ya kuipima shutuma hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba mgeuko wake wa mwaka 1970 ulimrudisha kwenye asili iliyotangulia ile aliyodaiwa kuiacha, yaani muziki wa rokenroli uliotoka Marekani katika miaka ya 1950, ambao ndio uliomlea utotoni. Aidha, inaonyeshwa kuwa matumizi yake ya lugha, ambayo kwa juu juu yanaonekana kubadilika kabisa, yaliendelea kuongozwa na kanuni moja. Hata hivyo, kuonyesha kwamba mtu hakuisaliti asili yake si kuonyesha kwamba hakumwumiza mtu. Mgeuko huo ulikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na wenzake.

2.0 Malezi na Ujana (1947–1966)

Bolan alizaliwa tarehe 30 Septemba 1947 katika mtaa wa Hackney, mashariki mwa London, akapewa jina la Mark Feld. Baba yake, Simeon Feld, alikuwa dereva wa lori mwenye nasaba ya Wayahudi waliohamia Uingereza kutoka Ulaya ya Mashariki. Mama yake, Phyllis, alifanya kazi katika soko la Berwick Street, Soho, mahali palipokuwa karibu na vilabu na mikahawa ambamo muziki mpya wa vijana ulikuwa ukichipuka. Familia iliishi Stoke Newington, katika mazingira ya watu wa tabaka la wafanyakazi waliokuwa bado wakijijenga baada ya vita.

Mvulana huyu alipata gitaa lake la kwanza akiwa na umri wa miaka tisa. Huo ulikuwa wakati ambapo santuri za Elvis Presley, Chuck Berry, Little Richard na Eddie Cochran zilikuwa zikiingia Uingereza na kuwapa vijana lugha mpya ya mwili na ya sauti. Katika umri huo wa utoto aliwahi kupiga katika kikundi cha watoto wa mtaani pamoja na Helen Shapiro, ambaye baadaye alipata umaarufu mapema kuliko yeye. Ni muhimu kulizingatia jambo hili. Muziki wa kwanza alioupenda ulikuwa mfupi, wenye mdundo mkali, uliotengenezwa kwa ajili ya soko, na ulioimbwa na watu waliojipamba. Mambo yote manne yatajitokeza tena katika kipindi cha utu uzima wake.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, picha zake zilizopigwa na Don McCullin zilitokea katika jarida la Town lililoandika habari za vijana wa London walioshughulishwa mno na mavazi, ambao baadaye walijulikana kwa jina la Mods. Kijana huyu hakuwa bado ameimba chochote hadharani kama mwanamuziki wa kulipwa, lakini tayari alikuwa ametambua kwamba sura ni aina ya usemi. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akafanya kazi ya kuonyesha mavazi kwa muda, kisha akajaribu kurekodi nyimbo kwa jina la Toby Tyler. Mwaka 1965 kampuni ya Decca ilitoa wimbo wake The Wizard, na jina la Marc Bolan likaanza kutumika. Wimbo huo ulihusiana na hadithi aliyopenda kuisimulia, kwamba aliwahi kuishi na mchawi katika jiji la Paris. Waandishi wa maisha yake wameichukulia hadithi hiyo kuwa ni chumvi iliyozidi. Kwa vyovyote vile, inathibitisha kwamba Bolan alijitunga mwenyewe kama anavyotungwa mhusika wa riwaya, na kwamba kazi hiyo ya kujitunga aliianza mapema sana.

Nyimbo hizo za mwanzo, pamoja na Hippy Gumbo iliyotoka mwaka 1966 chini ya usimamizi wa Simon Napier-Bell, hazikupata wanunuzi. Mwaka 1967 Napier-Bell alimwingiza katika bendi ya John's Children, iliyojulikana zaidi kwa vurugu za jukwaani kuliko kwa muziki. Bolan aliitungia bendi hiyo wimbo wa Desdemona, ambao BBC ilikataa kuupiga kwa sababu ya maneno yake. Baada ya miezi michache, na baada ya ziara ya Ujerumani iliyofanywa pamoja na The Who, aliondoka.

3.0 Tyrannosaurus Rex na Ulimwengu wa Chini kwa Chini (1967–1969)

Kundi la Tyrannosaurus Rex, lililopewa jina la dinosaria mkubwa wa kale, liliundwa katika majira ya joto ya mwaka 1967. Onyesho la kwanza, lililofanywa na wanamuziki ambao hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha, lilikuwa aibu. Kilichobaki baada ya hapo ni watu wawili: Bolan mwenye gitaa kavu na sauti, na Steve Peregrin Took mwenye ngoma ndogo za bongo, ala nyinginezo ndogo ndogo, na sauti ya pili. Took, aliyezaliwa kwa jina la Steve Porter, alilichukua jina lake kutoka katika riwaya ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, kitabu kilichokuwa kama msahafu kwa mahipi wa wakati ule.

Ili kuelewa uzito wa yaliyofuata, inafaa kufafanua jinsi muziki huo ulivyowafikia wasikilizaji. Ulimwengu wa chini kwa chini wa London ulikuwa na vyombo vyake: magazeti yaliyochapishwa nje ya mkondo wa kawaida, vilabu kama Middle Earth katika eneo la Covent Garden, na mtangazaji mmoja ambaye nafasi yake haikuwa na mfano. Huyo alikuwa John Peel, aliyekipiga muziki wa kundi hili kwanza katika kituo cha Radio London kilichorusha matangazo kutoka melini, na kisha katika BBC Radio 1 iliyoanzishwa mwishoni mwa Septemba 1967. Peel hakuishia kupiga santuri zao. Aliwachukua pamoja naye katika mialiko yake ya nje, na akasoma hadithi fupi zilizoandikwa na Bolan katika albamu mbili za kundi hilo. Uhusiano huo ulikuwa wa kirafiki, na ulijengwa juu ya imani kwamba muziki huo ulikuwa mali ya watu wachache wanaoelewana.

Katika klabu hizo pia ndipo alipowakuta Tony Visconti, mtayarishaji kijana kutoka Brooklyn, Marekani, aliyekuja London kujifunza kazi ya studio. Visconti alitayarisha albamu ya kwanza iliyotoka Julai 1968, yenye jina refu la My People Were Fair and Had Sky in Their Hair... But Now They're Content to Wear Stars on Their Brows, ambayo ilifika nafasi ya 15. Ilifuatiwa na Prophets, Seers & Sages mwezi Novemba mwaka huohuo, na Unicorn mwezi Mei 1969. Mwaka 1969 vilevile Bolan alichapisha kitabu cha mashairi, The Warlock of Love. Kwa kundi la pembezoni, haya hayakuwa mafanikio madogo. Lakini yalikuwa na dari: nyimbo Debora na One Inch Rock, zilizotolewa kama santuri fupi mwaka 1968, zilifika nafasi ya 34 na ya 28 tu.

Upo ushahidi kwamba asili ya kwanza haikuwa imekufa hata katika kipindi hiki. Jina la One Inch Rock lenyewe linaelekeza kwenye rokenroli, na albamu ya kwanza ina wimbo unaoanza kwa mchezo wa sauti unaomkumbusha msikilizaji waimbaji wa miaka ya 1950. Tofauti ilikuwa ni kwamba mdundo huo ulipigwa kwa gitaa lisilo na umeme na ngoma za mkono, na hivyo hadhira ya mahipi iliusikia kama jambo la kale na la kiajabu. Haikuusikia kama muziki wa dansi.

4.0 Mgeuko (1969–1971)

4.1 Kuachana na Took

Mgogoro wa kwanza ulitokea ndani ya kundi. Took alitaka nyimbo zake mwenyewe ziingizwe katika albamu, na alikuwa akijisogeza zaidi kwa wanamuziki wa siasa kali wa magharibi mwa London. Bolan hakukubali kugawana kazi ya utunzi. Baada ya ziara ya Marekani mwaka 1969 ushirikiano ulivunjika, na nafasi ya Took ikachukuliwa na Mickey Finn, mchoraji mwenye sura ya kupendeza ambaye uwezo wake wa ngoma na wa sauti ulikuwa wa kawaida. Uteuzi huo unasema mengi. Bolan alimhitaji mtu wa kusimama kando yake, wala hakumhitaji mtunzi wa pili.

Mwezi Januari 1970 alimwoa June Child, aliyewahi kufanya kazi katika ofisi iliyosimamia kundi la Pink Floyd, na ambaye aliufahamu vizuri uendeshaji wa biashara ya muziki. Mwezi Machi ilitoka A Beard of Stars, albamu ya mwisho kwa jina refu la Tyrannosaurus Rex, na ndani yake gitaa la umeme lilisikika waziwazi.

4.2 Ala na Studio

Wimbo uliobadili mambo ni Ride a White Swan, uliotoka Oktoba 1970 kwa lebo mpya ya Fly. Jina la bendi lilikuwa limekwisha kufupishwa na kuwa T. Rex. Ukisikilizwa kwa makini, wimbo huu unaonyesha jinsi mgeuko ulivyofanyika kwa vitu vichache. Hauna seti kamili ya ngoma. Upo mkwaruzo wa gitaa la umeme unaofuata njia ya wapigaji wa Kimarekani wa miaka ya 1950, upo mdundo mwepesi wa makofi, upo mwangwi mfupi juu ya sauti, na zipo fidla chache alizoziandika Visconti ili kuujaza wimbo bila kuuzamisha. Upande wa pili wa santuri hiyo uliwekwa, pamoja na wimbo mwingine, Summertime Blues ya Eddie Cochran, Mmarekani aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Uingereza mwaka 1960. Mnunuzi aliyeigeuza santuri alikutana na chanzo cha mtindo aliokuwa ametoka kuusikia. Wimbo ulipanda polepole hadi kufika nafasi ya 2 mwezi Januari 1971.

Baada ya hapo bendi ilipanuliwa. Steve Currie alishika gitaa la besi, na Bill Legend akashika ngoma. Waimbaji wa Kimarekani Howard Kaylan na Mark Volman, waliokuwa zamani katika kundi la The Turtles, waliongeza sauti nyembamba za juu ambazo zikawa alama ya T. Rex studioni. Hot Love, uliotoka Februari 1971, ulikaa katika nafasi ya kwanza kwa wiki sita. Muundo wake ni wa bluzi ya kawaida iliyosafishwa, na sehemu yake ya mwisho ni kiitikio kirefu cha silabi zisizo na maana, kinachorudiwa mpaka sauti inapofifia. Bolan alipoimba wimbo huo katika kipindi cha televisheni cha Top of the Pops akiwa na unga wa kumetameta chini ya macho, mtindo ulioitwa glam ulipata sura yake ya kwanza mbele ya taifa.

Get It On, wa Julai 1971, ulishika nafasi ya kwanza kwa wiki nne. Uhusiano wake na wimbo Little Queenie wa Chuck Berry uko wazi, na Bolan hakujaribu kuuficha: mwishoni mwa rekodi anadondoa kipande cha wimbo huo wa Berry, kama mtu anayetaja jina la mwalimu wake kabla ya kuondoka barazani. Albamu ya Electric Warrior, iliyotoka Septemba 1971, ilifika nafasi ya kwanza. Usanifu wa albamu hiyo ni wa hali ya juu. Kila ala imepewa nafasi yake, fidla zinaingia na kutoka kwa kipimo, na sauti ya mwimbaji iko karibu mno na sikio. Hapa ndipo ujuzi wa miaka ya 1970 ulipotumika kuufanya muziki wa miaka ya 1950 usikike kama jambo la kesho.

4.3 Lugha ya Nyimbo

Wachambuzi wengi waliogawa maisha ya Bolan katika vipindi viwili walitumia lugha kama kigezo. Nyimbo za kipindi cha kwanza zimejaa msamiati wa kikale, majina ya kubuni ya watu na nchi, viumbe wa visasili, na vishazi virefu vinavyofungamana kwa namna isiyo ya kawaida. Nyimbo za kipindi cha pili zina sentensi fupi, takriri nyingi, majina ya magari, na wahusika wanaotambulishwa kwa lakabu za mitaani. Kwa mtazamo huo, Bolan alitoka katika sajili ya kishairi akaangukia katika sajili ya sokoni.

Mgawanyo huo una ukweli, lakini hautoshi. Kwanza, taswira za kichawi hazikutoweka. Ride a White Swan, wimbo uliomtoa pembezoni, umejaa wachawi na makuhani wa kale wa Kikelti, na maudhui yake yangeingia katika albamu yoyote ya mwaka 1968 bila kuonekana mgeni. Pili, na hili ndilo la msingi, katika vipindi vyote viwili sauti ya neno ilitangulia maana yake. Wakati wa Tyrannosaurus Rex, Bolan aliimba kwa mtetemo na kwa matamshi yaliyopotoshwa kiasi kwamba wasikilizaji wengi hawakuweza kuyatambua maneno bila ya kuyasoma. Maneno ya kikale yalichaguliwa kwa ajili ya konsonanti na irabu zake, na maana ilibaki kama ukungu unaoyazunguka. Wakati wa T. Rex matamshi yalinyooka, lakini maneno yenyewe yakapunguzwa uzito wa kimaana: jina la gari, jina la msichana, neno la mshangao, silabi ya kuitikia. Njia ni mbili, tokeo ni moja. Katika njia ya kwanza maana ilifichwa nyuma ya matamshi; katika njia ya pili ilifichwa nyuma ya wepesi.

Kwa hiyo, kilichobadilika hasa ni uhusiano wa lugha hiyo na hadhira. Lugha iliyofichika kwa matamshi humtaka msikilizaji awe mwanafunzi: anunue albamu, asome karatasi yake, ajadiliane na wenzake. Lugha iliyofichika kwa wepesi haimtaki msikilizaji afanye lolote isipokuwa kuitikia. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliweza kuimba kiitikio cha Hot Love mara ya kwanza kukisikia. Hilo ndilo lililowaudhi waliotangulia. Mlango uliokuwa ukifunguliwa kwa ufunguo ulikuwa sasa umeachwa wazi.

5.0 Gharama ya Mafanikio (1971–1973)

Kati ya Oktoba 1970 na Juni 1973 T. Rex ilitoa mfululizo wa nyimbo kumi mpya kama santuri fupi, na zote kumi zilifika ndani ya nafasi nne za juu nchini Uingereza. Telegram Sam na Metal Guru, za mwaka 1972, zilishika nafasi ya kwanza. Maonyesho mawili ya tarehe 18 Machi 1972 katika ukumbi wa Empire Pool, Wembley, yalipigwa filamu na Ringo Starr, na matokeo yake yakawa filamu ya Born to Boogie. Kelele za wasichana katika maonyesho hayo zilifananishwa na zile zilizowahi kuwazunguka The Beatles. Albamu ya The Slider, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa katika jumba la Château d'Hérouville nchini Ufaransa, ilitoka Julai mwaka huo.

Mafanikio haya yalikuja pamoja na mfarakano. Peel, aliyembeba Bolan wakati hakuna aliyemjali, hakuipenda Get It On na hakuificha hisia hiyo hewani. Urafiki wao ulikatika. Si rahisi kumpa mmoja wao lawama yote. Kwa Peel, kazi ya mtangazaji ilikuwa kuwatafutia nafasi wasio na nafasi, na Bolan hakuwa tena na shida hiyo. Kwa Bolan, rafiki aliyeukubali muziki wake ulipokuwa wa wachache alipaswa kuukubali ulipokuwa wa wengi. Took naye aliendelea kupiga muziki katika mazingira ya pembezoni, bila ya kupata sehemu ya mali wala ya jina lililotokana na kundi alilolianzisha, hadi alipofariki mwaka 1980. Mtu akiipima asili kwa kigezo cha uaminifu kwa watu, badala ya uaminifu kwa mtindo, Bolan hatoki bila doa.

Upande wa biashara nao ulikuwa na miiba yake. Mwishoni mwa mwaka 1971 Fly waliutoa wimbo wa Jeepster bila ya idhini yake, wakati alipokuwa akihama. Alihamia EMI na kuanzisha lebo yake, na hivyo akawa na mamlaka makubwa juu ya kazi zake. Mamlaka hayo yalikuwa na athari ambayo pengine hakuitarajia: kadiri alivyozidi kujitawala, ndivyo walivyopungua watu wenye uwezo wa kumwambia hapana.

6.0 Kushuka na Kuinuka (1973–1977)

Fomula yoyote ya sanaa inayotegemea wepesi huchoka upesi, kwa kuwa msikilizaji huikariri na washindani huiiga. Kufikia mwisho wa mwaka 1973 waimbaji wengine wa mtindo wa glam walikuwa wameenea, na David Bowie, rafiki na mshindani wa Bolan tangu miaka ya 1960, alikuwa amemzidi kwa uwezo wa kujibadili. Visconti aliondoka baada ya albamu ya Zinc Alloy and the Hidden Riders of Tomorrow ya mwaka 1974. Legend alikuwa amekwisha kuondoka, na Finn akafuata. Ndoa na June ilivunjika. Bolan aliishi kwa muda nje ya Uingereza kwa sababu za kodi, akanenepa, na akazama katika pombe na kokeini. Nchini Marekani, ambako Get It On ilifika nafasi ya 10 mwaka 1972, hakuweza kupata wimbo mwingine wa kiwango hicho.

Mabadiliko yaliyofuata hayana budi kutajwa kwa haki, kwa sababu mara nyingi husahauliwa. Gloria Jones, mwimbaji Mmarekani mweusi wa muziki wa soul aliyewahi kurekodi Tainted Love katika miaka ya 1960, alijiunga na bendi kama mwitikiaji na mpiga kinanda, kisha akawa mwenzi wake. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Septemba 1975. Katika albamu za kipindi hiki Bolan alijaribu kuingiza soul na mdundo wa dansi wa Kimarekani katika muziki wake. Jaribio hilo halikupata wanunuzi, lakini linaonyesha mtu ambaye bado alikuwa akitafuta.

Mwaka 1976 I Love to Boogie ulifika nafasi ya 13. Wimbo huo uliwachukiza baadhi ya wapenzi wa rokenroli ya zamani, waliodai kwamba ulichukuliwa kutoka Teenage Boogie ya Webb Pierce, ya mwaka 1956. Tukio hili lina kejeli yake. Mwaka 1970 Bolan alishutumiwa na mahipi kwa kuwa wa kisasa mno na wa kibiashara. Mwaka 1976 alishutumiwa na wahafidhina kwa kuchukua cha kale bila ruhusa. Makundi yote mawili yalidai kumiliki asili, na yote mawili yalimwona yeye kuwa mvamizi.

Vijana wa muziki wa panki, waliotangaza vita dhidi ya karibu kila kitu kilichowatangulia, walimchukulia vingine. Nyimbo zake fupi zenye korodi chache zilikuwa zimewafundisha kwamba muziki hauhitaji urefu wala ufundi wa kujionyesha. Bolan alilitambua hilo. Alipofanya ziara ya albamu ya Dandy in the Underworld mapema mwaka 1977, aliwachukua The Damned, mojawapo ya bendi za kwanza za panki. Katika kipindi chake cha televisheni, Marc, kilichotayarishwa na Granada mjini Manchester mwaka huohuo, aliwakaribisha The Jam, Generation X na wengineo. Nafasi ambayo Peel alimpa yeye miaka kumi nyuma, sasa yeye aliwapa wengine. Bowie alikuwa mgeni wa kipindi cha mwisho, kilichorekodiwa tarehe 7 Septemba.

Siku tisa baadaye, alfajiri ya tarehe 16 Septemba 1977, gari dogo aina ya Mini lililoendeshwa na Gloria Jones liligonga mti katika eneo la Barnes, kusini magharibi mwa London. Bolan, aliyekuwa abiria, alifariki papo hapo. Jones alijeruhiwa vibaya. Mtunzi aliyejaza magari katika nyimbo zake hakuwahi kujifunza kuendesha. Mwili wake ulichomwa katika tanuri la maziko la Golders Green tarehe 20 Septemba, na Bowie alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Kipindi chao cha pamoja kilirushwa baada ya mazishi.

7.0 Hitimisho

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutumiwa kana kwamba kila mtu ana asili moja inayojulikana na wote. Maisha ya Bolan yanaonyesha ugumu wa dhana hiyo. Hadhira ya mwaka 1968 ilidhani kwamba asili yake ni gitaa kavu, Tolkien na sakafu ya Middle Earth, kwa sababu hapo ndipo ilipomkuta. Mtoto wa Hackney aliyepata gitaa akiwa na miaka tisa alikuwa na asili nyingine, iliyokuwa na umeme, mavazi na soko ndani yake tangu mwanzo. Kwa mujibu wa ushahidi wa ala, wa muundo wa nyimbo na wa lugha, mgeuko wa mwaka 1970 ulikuwa safari ya kurejea, na kilichokuwa cha kupita ni kile kipindi cha pembezoni.

Jambo hili lina maana kwa mtafiti wa fasihi na muziki wa umma kwa jumla. Hadhira ina desturi ya kuihesabu asili ya msanii kuanzia siku ilipomfahamu, na kila kinachokuja baada ya siku hiyo hukipima kwa kipimo hicho. Uhakiki ukiikubali desturi hiyo bila ya kuihoji, huishia kuandika historia ya matarajio ya hadhira na kuiita historia ya msanii.

Thamani ya kazi yake haijaisha. The Power Station waliirudisha Get It On katika orodha za Marekani mwaka 1985, ikafika nafasi ya 9, moja juu ya ile aliyoipata mwenyewe. Filamu ya Billy Elliot ya mwaka 2000 ilizitumia nyimbo zake kadhaa kueleza furaha ya mvulana wa tabaka la wafanyakazi anayegundua mwili wake kupitia dansi. Mwaka 2020 T. Rex iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame nchini Marekani, taasisi ya kuwaenzi wanamuziki ambamo Chuck Berry alitangulia kuingizwa mwaka 1986. Mwanafunzi aliwekwa katika nyumba moja na mwalimu aliyemtaja mwishoni mwa wimbo wake.